Nilimwita Baba Yangu Mzee wa Jirani

Mimi ni mama wa miaka hamsini, mkazi wa Tunduma, ninauza vitenge karibu na mpaka. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mnivumilie. Haya niliyaandika kwanza kwenye daftari langu, nikayafuta, nikayaandika tena... maana kila nikiyasoma naona kama najitetea. Sitaki kujitetea.

Nilizaliwa Mbozi, kata ya Ruanda, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa. Juu kilimani palikuwa na jumba la mzungu, la mawe, lenye dohani mbili na bustani inayoteremka ngazi kwa ngazi mpaka mtoni. Baba yangu, Mzee Haonga, alikuwa mtunza bustani. Watu walimwita "shamba boi" mpaka mvi zikamjaa kichwani.

Mzungu aliondoka nikiwa mdogo. Jumba likakaliwa na hawa, likakaliwa na wale, mwishowe likakaliwa na popo. Lakini baba aliendelea kwenda kila asubuhi na fagio lake! Hakuna mshahara, hakuna bosi. Watu walimcheka. Mama alikuwa amefariki, tulikuwa wawili tu, nami nilimfuata huko nikicheza. Majina ya kizungu ya maua yalimshinda, akayapa ya kwake. Yale meupe yanayopukutika mapema aliyaita "Bibi Kibogoyo". Yale ya buluu yenye vichwa vikubwa niliyapa jina mimi: "Kofia ya Karani", kwa sababu karani wa shamba alivaa kofia kubwa ya buluu na kutembea kama jogoo. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile hakuyaita kwa jina jingine.

Nilipokua nilikwenda Tunduma kutafuta maisha. Biashara ya mpakani ilikuwa imefunguliwa, mji umechangamka. Nikakutana na mume wangu, wakala wa forodha. Kwao ni watu wa shule. Tulianza kuishi pamoja, habari za mahari tukawa tunaziahirisha tu. Siku moja mama mkwe akaniuliza baba yangu ni nani... Mdomo ukatangulia.

"Alikuwa karani wa shamba," nikasema. "Amefariki."

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Sidhani kama angenifukuza. Sikumpa nafasi hata ya kuonyesha kama angenifukuza au la! Niliogopa tu, basi.

Mwaka uliofuata marehemu wangu akabisha hodi. Alikuwa na viatu vya matope na mzigo wa vipandikizi vya maua, amevifunga kwa maganda ya mgomba. Mama mkwe alikuwepo, anapepeta mchele.

"Karibu baba. Mkwe, mgeni huyu ni nani?"

Nilimtazama baba. Baba alinitazama.

"Ni mzee wa jirani yetu kule nyumbani," nikasema.

Wasomaji wenzangu, ningekuwa na uwezo wa kurudisha neno moja tu katika maisha yangu, ni hilo. Baba alivua kofia. Akasema taratibu, "Ndiyo, mama. Mimi ni jirani. Nimemletea mtoto wa jirani maua." Akanywa maji, akakataa chakula, akaondoka. Mama mkwe akasema, "Mna majirani wema nyie!"

Vipandikizi nikaviweka nyuma ya pipa la maji. Vilinyauka huko huko.

Miaka ikapita. Wateja wa Nakonde, upande wa Zambia, walinijua, wakaniita "ba mayo", yaani mama, kwa heshima. Nilikwenda kwa baba mara chache, kama mtu aendaye sokoni na kurudi. Yeye hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana!

Sasa nimtaje Subilaga. Tulikua naye kambini, yatima wa kabila la Wandali, mchuma kahawa. Baba alipozeeka, ni yeye aliyekuwa anampikia. Kisha akaniandikia barua: kampuni moja imenunua jumba, inalikarabati, wanataka familia ya mtunza bustani iwaonyeshe bustani ya zamani ilivyokuwa. "Njoo, mzee anakuulizia." Barua zilikuja tatu. Sikujibu. Ningemwambia mume wangu naenda kumsaidia nani? Marehemu?

Baba alipofariki nilikuwa ng'ambo ya mpaka nafuata mzigo. Simu za mkononi zilikuwa bado. Habari zilinifikia kwa kuchelewa, nilifika nikakuta udongo wa kaburi ungali mbichi. Nikalia, nikarudi Tunduma jioni ile ile, nikasema nilikuwa Vwawa kwa biashara.

Basi, mwaka jana akina mama wa kanisa letu wakapanga safari ya kutembelea jumba lile. Nilijikaza nikaenda. Tulilipa kiingilio getini. Ndiyo, nililipa kiingilio mahali nilipojifunzia kutembea!

Jumba lilikuwa limependeza, siwezi kusema uongo. Sakafu inang'aa, madirisha mapya, popo hawapo. Mama Tausi, mwenzetu wa kwaya, akapiga kelele, "Jamani, choo chao tu kinaishinda sebule yangu! Mimi nalala humu humu." Wote wakacheka.

Ukutani nikaona picha. Baba amekaa kwenye kiti katikati ya bustani, mzee sana, ananyoosha kidole mahali pa kuchimba. Pembeni amesimama Subilaga na jembe. Chini pameandikwa: "Mzee Haonga na binti yake."

Na aliyekuwa akitutembeza ni Subilaga mwenyewe! Kanenepa, kavaa sare. Aliponiona alishtuka kidogo, akaendelea. Tukashuka bustanini. Akina mama wakauliza maua yale ya buluu yanaitwaje.

"Baba yangu aliyaita Kofia ya Karani," akasema. "Jina nilimtungia mimi nikiwa mtoto."

Damu ilinichemka! Nikamvuta nyuma ya ukuta.

"Subi, umeniibia baba!"

"Punguza sauti, wageni wapo. Nimekuibia? Barua tatu, mwenzangu. Ulizila? Nani alimwogesha? Nani alimkata kucha? Nani alimbeba kwenye kile kiti?"

"Na jina la maua? Nalo ulilitunga wewe?"

Akainamisha uso. "Hilo nimekosa. Wageni wanalipenda... siku moja nikajikuta nimesema, nikashindwa kurudi nyuma."

Nani anamwelewa zaidi yangu? Mimi nami nilisema siku moja, nikashindwa kurudi nyuma.

"Lakini pale kwenye picha," akaendelea, "maneno yale si yangu. Walimuuliza mwenyewe watoto wake wako wapi. Akasema binti yangu ni huyu hapa. Nikamwambia, mzee, na yule wa Tunduma?"

"Akasema nini?"

Subilaga alisita. Naamini hakutaka kuniumiza.

"Akasema, 'Yule ni mtoto wa jirani. Akija mpe maua.'"

Akakata vipandikizi vya yale maua ya buluu, akanishikisha. Nilikuwa nimepanga kumuumbua mbele za watu. Ningesema nini? Kwamba baba amekosea?

Kwenye gari Mama Tausi akaniuliza, "Kumbe mnafahamiana na familia ile? Mbona macho mekundu?"

Gari zima lilikuwa likinisikiliza. Mungu alikuwa ananipa nafasi ya pili, mkononi kabisa...

"Tulikuwa majirani," nikasema.

Safari hii maua sikuyaacha nyuma ya pipa. Yameshika, yamechanua mlangoni. Mume wangu anayasifu. Daftari hili nitampa yeye kwanza alisome, ndipo niwatumie ninyi. Naandika hivyo ili nisipate njia ya kukimbia.

Ndugu zangu, mnaopendeza mijini na mna wazazi wenye matope miguuni: wakibisha hodi, wataje mbele za watu. Neno "baba" ni fupi sana! Mimi lilinishinda mara mbili. Msiige. Mzazi naye ana masikio, na neno mnalompa ndilo atakalowaachia.