Mlio Uliozimwa Baharini

Ndugu zangu, ilikuwa nyumba ya vicheko. Asubuhi moja dada mmoja alikuwa akimimina chai, mumewe akitafuta soksi, na mdogo wa dada huyo, mzamiaji, akimaliza mkate wa wenyewe bila haya.

"Shemeji, hicho kiti chako kitakuotesha mizizi," mzamiaji akatania. "Sisi tunalowa, wewe unabonyeza vitufe tu."

"Kula haraka, bwana. Boti haitungoji."

Wote wawili walifanya kazi kwenye jukwaa la kuchimba gesi, mbali baharini. Mzamiaji alitengeneza mitambo chini ya maji. Shemeji yake alisimamia roboti ya kusugua nguzo, waliyoipachika jina la Kaa. Kaa ilijiendesha yenyewe. Ikikuta kitu mbele, ililia na kusubiri ruhusa.

Shida ni kwamba ililia hata kwa kisamaki. Bwana yule akachoka. Akazima mlio, akaiamuru isisubiri tena. Mkewe aliposikia, alimwonya.

"Je, akipita mtu?"

"Mke wangu, ile mashine naijua mimi. Wewe niachie."

Mazoea yana taabu, jamani!

Siku hiyo mzamiaji alishuka kufungua vali iliyokwama karibu na nguzo aliyokuwa akiisugua Kaa. Shemeji yake alikuwa kitini, simu mkononi, akicheka video za watu wanaoteleza. Kwenye skrini yakawaka maandishi mekundu: KUNA KITU MBELE. Hakuyaona. Kaa ikaendelea na kazi kama ilivyoamriwa, ikausaga mpira uliompelekea mzamiaji hewa kutoka juu. Wenzake walipomvuta juu, alikuwa ameshakata roho.

Dada alipopigiwa simu, aliketi sakafuni jikoni, macho makavu. Machozi yalikuja baadaye, na hayajakoma.

Msibani, mama wa marehemu alimwita mkwewe mbele ya watu.

"Baba, mwanangu alipokuwa anakufa, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale, mama. Kitini."

Dada alisikia. Akaingia chumbani, akakusanya nguo za watoto, akawashika mikono na kutoka kwa mlango wa nyuma. Hakurudi tena kwa mumewe.

FUNZO

Mashine haina huruma wala chuki, hufanya ilichoambiwa. Ukikabidhiwa uhai wa mwenzako, usizime onyo kwa sababu linakukera, wala usidhani kuwepo ndiko kuangalia. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo hajawahi kumfufua mtu.