Mama Ngassa na Orodha ya Kasoro

Kabla ya alfajiri, karatasi ilichanika. Chrr. Kimya kidogo. Kisha tena, chrr.

Mabula alifumbua macho. Mkewe, Scolastika, alikuwa ameketi sakafuni karibu na koroboi. Mbele yake palikuwa na vitabu vilivyotumika. Alikuwa akiviuza sokoni Kahama.

"Mama Ngassa, unafanya nini?"

"Nachana ukurasa wa kwanza. Una jina la mtu. Nani atanunua kitabu chenye jina la mwingine?"

"Na karatasi hizo?"

"Nitawashia moto."

Mabula alimsogezea koroboi ili aone vizuri. Lakini hakupata usingizi tena. Alijiuliza, "Mbona anachana gizani? Vitabu hivi anavipata wapi hasa?"

Asubuhi hiyo mteja alisimama mezani pa Scolastika. Aliitwa Nkwabi, fundi wa mashine katika mgodi wa Bulyanhulu. Maelezo ya mashine yaliandikwa kwa Kiingereza, naye alitaka kamusi. Aliifungua, akatazama mshono. Akachukua kitabu cha pili, kisha cha tatu.

"Mama, vyote vimechanwa pale pale."

"Nimevisafisha tu, baba."

"Kusafisha? Mwizi wa ng'ombe naye huanza kwa kufuta alama."

Watu walicheka. Kisha mmoja akasema, "Shuleni kwa mwanangu kabati la vitabu lilivunjwa." Hapo hakuna aliyecheka tena.

"Njooni huku!" akaita Eustace, muuza vitabu wa meza ya jirani. "Kwangu bei ni ndogo!"

Mwenyekiti wa soko aliitwa. Akamwambia Scolastika, "Jumamosi uje na mtu anayejua vitabu hivi vimetoka wapi. Ukimkosa, meza atapewa mwingine, na jina lako nitalipeleka polisi."

Scolastika alifunga mzigo wake. Mkabala na soko palikuwa na duka la vitambaa la Anar. Watu walimwita Mama Tanvir. Alimwita Scolastika ndani, akampa kigoda na maji ya kunywa. Scolastika alikunywa huku akimtazama. "Huyu anataka nini?" aliwaza. "Labda avichukue vitabu kwa bei ya kutupa."

"Ulivinunua kwa nani?" Anar aliuliza.

"Kwa Mwalimu Theonest, yule mstaafu. Macho yake hayasomi tena."

"Sasa kwa nini umeondoa jina lake? Lile ndilo shahidi wako."

Scolastika aliinamia mzigo wake.

"Sikiliza, Mama Ngassa. Mimi naagiza vitambaa Mwanza kwa barua. Sivioni. Wapo wanaoniandikia, 'Vyote ni vizuri sana.' Hao nawaogopa. Yupo mmoja huniandikia, 'Jora la kijani lina doa mwishoni.' Nanunua kwake miaka tisa sasa."

"Anakuambia ubaya wa mali yake mwenyewe?"

"Ndiyo. Kwa hiyo akisema jora jingine ni zima, naamini. Nenda kwa Mwalimu, akupe hati ya mauzo yenye sahihi yake. Halafu andika orodha. Kitabu gani, kimetoka kwa nani, kina kasoro gani. Hesabu pia kurasa. Madereva wa malori wataipeleka Bulyanhulu, Isaka na Ushetu. Watu wachague huko huko. Kitabu kisipolingana na orodha, kipokee, urudishe pesa."

"Na wewe utapata nini?"

Anar alicheka. "Tanvir yuko darasa la saba. Nitapata vitabu bila kwenda Mwanza."

Jibu hilo Scolastika alilielewa.

Alikwenda kwa Mwalimu Theonest.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuvirudisha?"

Scolastika alimweleza yote. Mzee akaomba kamusi. Akapapasa mshono kwa kidole.

"Majina yaliyokuwa hapa, langu na ya watoto wetu, aliyaandika marehemu mke wangu," alisema. "Alikuwa na mwandiko mzuri."

"Nisamehe, Mwalimu. Niliwashia moto."

Mzee alimrudishia kamusi. Kisha akasema, "Andika hati, nami nitatia sahihi. Na Jumamosi nitakuja mwenyewe. Mtu asiitwe mwizi kwa ajili ya vitabu vyangu."

Jioni ile Mabula alihesabu kurasa pamoja na mkewe. Wasiwasi wake ulikwisha kabla ya vitabu kwisha.

Jumamosi mwenyekiti alisoma hati. Mwalimu alisema, "Ni vyangu. Nilimuuzia mimi." Kisha Scolastika alisoma orodha mbele ya watu. "Kamusi. Imetoka kwa Mwalimu Theonest. Ukurasa wa kwanza niliuchana mimi kwa kutojua. Jalada lina doa la chai. Kurasa nyingine zote zipo."

"Hata hivyo nitahesabu," alisema Nkwabi.

Alihesabu zote. Watu walimsubiri. Mwishowe akacheka. "Hata doa lipo! Mama, nipe kamusi. Na nipe orodha tatu, nikawape wenzangu."

Meza ilibaki ya Scolastika. Tangu siku hiyo hakuchana tena jina la mtu. Madereva walimletea maagizo. Eustace aliendelea kuuza kwa bei ndogo, lakini watu wa mbali waliagiza kwa yule aliyewaambia kasoro.

Baada ya mavuno, Scolastika alirudi kwa Mwalimu kununua vitabu zaidi. Kabla ya kufunga mzigo, alimsomea kila jina lililoandikwa na mkewe. Mzee alisikiliza hadi jina la mwisho.

"Wabeja, mayu," alimshukuru kwa Kisukuma. "Vimebaki vichache kabatini. Lakini hata vikiisha, njoo tena unitembelee."