Mtani wa Stendi ya Kibaha

Tereza aliteremka kwenye basi la Tabora akiwa na gauni la kitenge cha njano lililomkaa sawasawa na raba nyeupe, na wapiga debe wawili wakasahau walikuwa wananadi gari la wapi. Likizo hiyo wenzake wote wa ofisi ya upimaji wa ardhi walikimbilia Dar na Zanzibar. Yeye alitaka kuuona mji mpya unaojengwa, wenye barabara pana na stendi ya kisasa, ambao hakuna aliyekuwa akiusifia.

"Kibaha kuna nini?" shoga yake Stellamaris alikuwa amemuuliza. "Nenda Masaki, mtoto wa kike, ukale bata na mabalozi."

Sasa alisimama katikati ya kelele za honi, akitafuta pa kuanzia.

"Dada, umepotea au unatafakari?"

Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi ikakubali, mikono imejaa makovu madogo ya kukata vioo. Jina lake Twalibu, fundi wa madirisha ya alumini, na alikuwa anasubiri mzigo wake.

"Sijapotea. Natafuta gesti isiyo na kunguni."

"Basi umepotea. Kwenu wapi?"

"Tabora. Mnyamwezi mimi, usinione hivi."

Twalibu alicheka kwa raha. "Makubwa. Mimi Mzaramo wa Kisarawe."

Tereza naye alicheka, na moyo ukamruka kidogo, maana kijana alikuwa na macho ya kuchokoza. Alijua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Ila kwao Tabora watani huchokozana kwa maneno tu. Kwa akina Twalibu, Mnyamwezi akikanyaga Pwani hutekwa mzigo wake, akaukomboe kwa chochote, hata soda. Kwa hiyo Twalibu alimpokonya begi begani na kutimua mbio kuelekea dukani.

Tereza aliona begi linakwenda. Mdomo ukatangulia akili.

"Mwizi! Mwizi huyo!"

Bodaboda wa kwanza alimkata mtama. Wa pili alimshushia helmeti usoni, mdomo ukapasuka. Walitoka kwenye vibanda na chini ya mabasi, watu wazima waliokunywa chai kwa amani asubuhi hiyo, na kila mmoja alikuwa na cha kupigia. Jiwe lilimpata kwenye sikio. Nondo ilipotua, mkono ulilia kama kuni kavu.

"Namtania," Twalibu alisema huku akitema damu. "Mtani wangu yule."

Tereza alisikia. Mtu mmoja alikuwa anauliza petroli iko wapi. Tereza alipasua kundi kwa viwiko na meno, akajitupa juu ya kijana, na rungu lililokuwa linashuka likampasua yeye kisogo.

"Si mwizi," alilia. "Ni wangu. Niueni na mimi."

Polisi walipopiga risasi hewani, kundi lilitawanyika, na kila mtu akawa mpita njia.

Hospitalini walilazwa wodi tofauti, lakini Tereza, bandeji kichwani, alihamia kwenye benchi kando ya kitanda cha Twalibu. Alimlisha uji kwa kijiko na kumwomba radhi kwa minong'ono mpaka yeye akachoka kusamehe.

"Mtani, soda yangu iko wapi?"

"Maliza uji, laazizi, nitakuletea kreti."

Alipoweza kutembea, Twalibu alimzungusha mjini kumwonyesha madirisha aliyoyafunga kwa mikono yake, na Tereza aliyapenda yote kwa sababu ya fundi. Walipendana bila kificho. Kisha Twalibu akaenda kwao Kisarawe kupona, na simu za Tereza zikawa hazipokelewi. Alichojibu ni ujumbe tu: "Nipo, mpenzi. Usipige." Siku moja alipokea.

"Twalibu, kosa langu nini?" Tereza alipaza sauti.

Alisikia pumzi nzito, kisha simu ikakatwa. Amepata mwingine, aliwaza, na wivu ukamla. Kulipokucha alikodi pikipiki pale Kibaha. Njiani Stellamaris akapiga.

"Uko wapi, shoga?"

"Naenda Masaki."

"Hatimaye. Kula bata."

Ilikuwa Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho. Uani, Badru, mdogo wake Twalibu, alikuwa anamenya mihogo kwa panga.

"Shikamoo mama," Tereza alimsalimu mama mtu, Bi Mwanamvua.

"Sina marahaba ya kukupa."

"Ndiye wewe uliyempigia kaka yangu yowe?" Badru aliuliza, na bila kungoja jibu akampiga bapa la panga begani. Tereza akaanguka. Badru akamkamata nywele, panga juu.

Twalibu alitoka ndani, mkono kwenye plasta, akamgonga mdogo wake kwa kichwa. Walibiringika kwenye maganda ya mihogo wakiumana kama si wa tumbo moja, mpaka Bi Mwanamvua alipomtwanga Badru kwa mchi mgongoni na panga likamtoka.

"Una mwanamke gani mwingine?" Tereza aliuliza, bado yuko chini.

"Sina mwingine. Ni sauti yako." Twalibu alihema. "Kabla ya jiwe la kwanza niliisikia hiyo. Ukininong'oneza nakupenda mpaka naumwa. Ukipaza, naiona nondo. Nilikusamehe siku ile ile, Tereza, ila mwili haujasamehe. Nitaoaje mke nisiyeweza kumsikia?"

Tereza aliinuka, akajifuta vumbi, akashika njia. Alikuwa ameshafika barabarani Twalibu alipomwambia:

"Niite kutoka hapo hapo."

"Usijitese, mpenzi."

"Niite kama mke anavyomwita mume mchana kweupe."

Tereza alivuta pumzi. "Twalibu!"

Kijana alidondoka magoti, akakinga kichwa kwa ile plasta. Badru mwenyewe aligeuza uso. Tereza alitaka kumkimbilia, lakini Twalibu aliinua kiganja kumzuia.

"Tena."

Aliita tena huku analia. Twalibu alisimama, akayumba. Aliita tena, na safari hii Twalibu alipiga hatua, kidonda cha mdomo kimefunguka na damu inamchirizika kidevuni. Alivuka uwanja wote akitetemeka, hakusimama mpaka paji lake lilipogusa bega la Tereza, lile lile lililopigwa.

"Naam, mke wangu," aliitika.