Gimleti ya Jumapili

Jumamosi adhuhuri, Soko la Russell pale Bengaluru, India, halikuwa na nafasi hata ya kuweka mguu. Coralie Hendricks alikuwa amesimama tangu alfajiri akiwatoa watu damu katika maabara, na sasa nyayo zilimwaka ndani ya viatu vyake vyeupe. Gauni lake la pamba lenye maua ya njano lilikuwa limemnata mgongoni. Aliinamia fungu la ndimu, akawa anazibinya moja moja kwa kidole gumba, polepole, kama alivyobinya mikono ya wagonjwa.

"Unatafuta mshipa?" sauti ikamuuliza kando yake.

Akageuka. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, shati jeupe lililokunjwa mikono, viatu vyeusi vilivyong'arishwa mpaka vikashangaza sokoni pale. Macho yake yalikuwa na wekundu wa kukosa usingizi.

"Natafuta zenye maji," Coralie alisema.

"Hizo ngumu hazina. Chukua zenye ganda jembamba, linaloteleza. Za nini, achari?"

"Za gimleti."

Mwanamume akacheka kidogo kusikia jina la kinywaji kile cha jini na ndimu. "Dada, mimi ni mhudumu wa baa hotelini. Nimekimbia kazi kwa saa mbili ili nisisikie neno hilo."

"Basi ziba masikio. Baba yangu anataka gimleti kila Jumapili kabla ya kula. Mama ndiye aliyekuwa akimtengenezea. Sharubati aliyoacha alipofariki imekwisha, na ile ya dukani baba anasema ina ladha ya sabuni."

"Baba yako hajakosea. Na pombe anaruhusiwa?"

"Kinywaji kimoja kidogo kwa wiki. Moyo wake mbovu. Daktari amechoka kubishana naye."

Mwanamume alizitazama ndimu, akamtazama Coralie, akajitambulisha kuwa anaitwa Ivan Nazareth. Halafu akachukua mfuko mikononi mwake na kuanza kumchagulia. Walipofika barabarani kutafuta bajaji, Ivan alikuwa ameshaahidi kuja nyumbani kwao kesho yake kutengeneza sharubati.

Nyumba ya kina Hendricks ilikuwa Cox Town, vyumba viwili na veranda yenye kiti cha baba yake, Mzee Desmond, gadi mstaafu wa treni. Ivan alimwamkia, kisha akaingia jikoni na kumpa Coralie kisu.

"Menya ganda la kijani tu. Ule weupe wa ndani ni mchungu."

Wakayaweka maganda kwenye bakuli pamoja na sukari. Ivan akamwambia ayasugue kwa vidole. Sukari ikalowa mafuta, ikawa kijani, na jiko zima likanukia.

"Sasa tuiache ipumzike."

"Afadhali yenyewe," Coralie alisema, akaegemea ukuta.

Baadaye wakakamulia ndimu juu yake, wakakoroga hadi sukari ikayeyuka, wakachuja kwa kitambaa. Ivan akatia pombe ya jini na nusu yake ya sharubati katika chupa ya jemu, akajaza barafu, akafunga kifuniko na kuitikisa mpaka chupa ikafanya ukungu. Akamimina katika glasi ndogo iliyokuwa imelala ndani ya friza.

Mzee Desmond alionja, akafumba macho. "Ya mke wangu ilikuwa tamu zaidi," alisema. "Lakini rudi Jumapili ijayo."

Ivan akarudi, na Jumapili iliyofuata, na nyingine. Katikati ya wiki alipiga simu akiwa nyuma ya hoteli, kabla ya wateja kuanza kuingia.

"Umekula, Cora?"

"Nimekula mkate."

"Mkate si chakula. Mkate ni kitu cha kushikia chakula."

"Na wewe umekula nini, bwana mkubwa?"

"Karanga za wateja."

"Mwanamume wa kuoa huyu," Coralie alisema, kisha akajiuma ulimi kwa lile neno lililoponyoka. Hakuna aliyekata simu.

Siku moja Ivan alimshika mkono jikoni, mkono bado una sukari. "Unajua nini, mpenzi? Hapa ndipo mahali pekee ninapotengeneza kinywaji bila kuumwa kichwa." Coralie aliuacha mkono wake palepale. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimshika bila kutaka kusaidiwa kuinuka.

Jumapili ya mwanzo wa Agosti, Coralie akiwa anakaanga katlesi, Mzee Desmond alimwita Ivan aketi karibu naye.

"Kunywa na mimi kijana, tusije tukasahauana. Krismasi tutakuwa Perth, Australia, kwa binti yangu Maureen. Visa zinakuja."

"Na Coralie?"

"Coralie ndiye anayenipeleka."

Ivan alikaa na glasi mkononi. Aliyekuwa mke wake aliwahi kwenda Melbourne, hukohuko Australia, kutembelea ndugu, na huko ndiko alikobaki. Alirudi jikoni, akaosha chupa ya jemu, akaifuta taratibu, akasema anahitajika kazini.

"Hata kula hutakula?"

"Siku nyingine."

Simu zikapungua. Coralie akipiga, inaita mpaka inakatika. Jibu likija, ni maneno mawili: kazi nyingi. Hakumlaumu. Alijitazama kwenye kioo cha kabati, akaona uso uliokwisha, akainusa nyumba yake, dawa ya kuchua na supu, akasema moyoni kwamba mtu mwenye akili angechoka mapema zaidi.

Jumapili ilipofika tena alitengeneza gimleti mwenyewe. Mzee Desmond alionja, akaiweka chini.

"Yule kijana umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu, baba."

"Basi labda mimi. Nilimweleza habari za Perth tu, uso ukamshuka."

 Coralie akavua aproni, akabadili viatu, akamwomba jirani amwangalie mzee.

Baa ya hoteli ilikuwa bado tupu. Ivan alikuwa akipangusa glasi. Alipomwona, aliendelea kuipangusa ileile.

"Mbona hukuniuliza?" Coralie alisema.

"Nilishawahi kumuuliza mtu kama atarudi. Jibu lilichukua miaka miwili."

"Mimi siendi popote, Ivan. Visa ya baba ilikataliwa tangu Aprili kwa sababu ya moyo wake. Yangu ilitoka. Nikaiacha ipite."

Ivan aliweka glasi chini. "Yeye hajui?"

"Kila asubuhi ananiuliza kama wamepiga simu. Namwambia bado. Ameshapanga soksi zake kwenye sanduku." Sauti yake haikupanda. "Sina nguvu ya kumwambia. Na sina nguvu ya kuendelea kumdanganya. Na wewe ukanikimbia bila hata kusema kwa heri."

"Nilikosea, Cora. Nisamehe."

"Nitakusamehe nikishalala nikaamka."

"Natoka saa kumi. Twende tukamwambie pamoja."

Alasiri hiyo wakamwambia, wameketi kila mmoja upande wake. Mzee Desmond alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti.

"Tangu Aprili," alisema. "Umenifanya mtoto mdogo, Coralie."

Aliinuka bila kushikwa, akaingia chumbani na kufunga mlango. Coralie alitaka kumfuata. Ivan akamtikisia kichwa kumzuia. Wakaenda jikoni, Coralie akabandika wali, na kupitia ukutani wakamsikia mzee akizungumza na Maureen kwa simu, sauti ikikatika na kurudi. Kiza kilianza kuingia alipotoka, macho mekundu, nywele amezichana.

"Maureen anasema Perth kuna baridi kali siku hizi," alisema. "Mifupa yangu isingeweza." Akavuta kiti mezani. "Kijana, unakula hapa?"

"Nakula, Anko. Na nataka kumwoa Coralie."

"Mwenyewe umemuuliza?"

"Bado."

"Anzia huko."

Ivan akageuka. Coralie alikuwa mbele ya jiko, mwiko mkononi.

"Nimesikia," alisema.

"Unasemaje?"

"Niache nikae chini kwanza."

Akamvutia kiti. Coralie akakaa, akavua viatu, akanyoosha miguu na kuitazama kidogo.

"Ndiyo, Ivan," alisema. "Lakini Jumapili uwe unakuja mapema."

"Nitakuwa nakaa hapahapa, mpenzi. Nije kutoka wapi?"

Coralie alitabasamu, akamwegemea begani, na kabla wali haujaiva alikuwa amelala. Ivan hakusogea. Mzee Desmond ndiye aliyeinuka kuepua sufuria, akapakua sahani mbili na kufunika ya tatu, na wanaume wawili wakala polepole, bila kugonganisha vijiko.