Bi Mizani na Alhamisi Mbili

Ndugu zangu mnaoshika kalamu, hii nawasimulia nyinyi kwanza.

Alikuwapo mwanafunzi wa chuo kikuu, mtafiti wa lishe, ambaye kina mama wa mtaa mmoja walimbandika jina la Bi Mizani. Kila Alhamisi alipita nyumba kwa nyumba na mizani begani, akipima watoto wenye utapiamlo. Kwa fundi cherehani ndiko alikochelewa zaidi, maana huyo mama alikuwa na maneno. "Binti yangu akimpita wa jirani kwa uzito, nataka shahada kama hiyo unayoisomea," alimtania, wakacheka. Makubaliano yao yalikuwa mepesi: mtoto akipungua hata kidogo, Bi Mizani anaandika barua na hospitali inampokea siku hiyo hiyo.

Ikaja mvua ya siku nyingi. Alhamisi ya kwanza uvivu ukamshika Bi Mizani. Alikaa nyumbani na chai yake, akafungua daftari, akamwongezea kila mtoto gramu mia. Nani atajua? Jamani, hivi ndivyo tunavyoanza. Alhamisi ya pili akarudia, tena kwa mkono mwepesi zaidi.

Ya tatu jua likatoka, akaenda. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Fundi alimvutia kiti.

"Mtoto tulimzika Jumatatu ya wiki iliyopita, mwalimu. Alianza kuharisha, akanyong'onyea. Nilikungoja, hukuja. Nikajipa moyo kwamba kungekuwa na neno ungekuja."

Bi Mizani alimpa pole.

"Mama mkwe anasema nilimnyima chakula," fundi akaendelea. "Hebu nione daftari lako, nijue alianza kupungua lini."

Bi Mizani hakujua akatae vipi. Alilitoa. Fundi akaufuata mstari wa mwanawe kwa kidole, polepole, hadi mwisho.

"Hapa umeandika kilo saba na nusu. Alhamisi iliyopita." Akainua macho. "Siku hiyo alikuwa ana siku tatu kaburini. Ulimpima nani, mwalimu?"

Hakupaza sauti. Alimrudishia daftari, akaingia ndani.

Bi Mizani alikiri mwenyewe kwa profesa wake. Utafiti ukasimamishwa, naye akafukuzwa chuoni. Siku hizi ana mtoto wake mchanga, mzima kabisa, lakini kila asubuhi humpeleka kliniki apimwe. Muuguzi akimsomea uzito haamini, huomba apimwe tena, na tena. Mumewe amechoka kumbembeleza. Mimi namwonea huruma, na pia namwogopa.

Funzo

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na urefu wa Alhamisi mbili tu. Ukikabidhiwa mtoto wa mwenzio umwangalie, nenda ukamwangalie. Ukishindwa kwenda, acha nafasi yake wazi kwenye karatasi. Penye pengo mtu atauliza, na mtoto atafuatwa angali hai.