Tanki Lililozibwa Pumzi

Pikapu ilikohoa mara mbili ikazima katikati ya ranchi, Rukanga walikotoka kukiwa mbali, na Maungu walikokwenda kukiwa mbali zaidi. Chrispine Ogutu aliupiga usukani kwa kiganja. Huko nyuma, juu ya magunia matupu ya dagaa aina ya omena, aliketi mama mkwe wake Awiti. Kwa adabu za Wajaluo, mkwe haketi bega kwa bega na mama wa mkewe, hata jua liwake namna gani.

"Imekuwaje, Baba Wendy?" Awiti akauliza, akimwita kwa jina la mjukuu.

"Ni kabureta, Mama. Itawaka saa hii."

Ikawaka kweli baada ya kupumzika, ikajikokota hadi kilimani, ikazima tena. Ogutu akaona haya, na haya ya fundi aliyeharibikiwa na gari lake mwenyewe haina dawa. Wiki iliyopita alikuwa ameirahisisha injini hiyo kwa majivuno makubwa. Ile mipira myembamba iliyosokotana juu yake aliikata karibu yote, mkebe wa mkaa unaonasa mvuke wa petroli akautupa, na ncha za mipira zilizobaki akazisokomeza boliti. Injini ya zamani haihitaji mapambo, aliwaambia wenzake gereji pale Voi, nao wakamsifu.

Sasa aliilaza kabureta juu ya gunia, akaisafisha, akairudisha. Awiti akashuka kutafuta kivuli. Kifutu, nyoka mnene mwenye sumu, alikuwa amelala kando ya kichaka, rangi yake na ya majani makavu ni moja, akamuuma juu ya kifundo cha mguu wa kulia.

"Nyoka," Awiti alisema tu, akaketi chini.

Ogutu alimkimbilia, kisha akasita hatua moja kutoka kwake. Mikono ilimning'inia. Hakuwahi kumgusa mama huyu hata kwa salamu.

"Unangoja nini?" Awiti alifoka. "Nishike!"

Akambeba mgongoni, maana gari lilikataa na simu haikuwa na netiweki. Alitembea akihema, jasho likimwingia machoni, mguu wa mama ukimgonga nyonga na kufura huku anauona. Kwenye bonde la mchanga ndovu walikuwa wamesimama njiani, majike na watoto wao, na mmoja akatanua masikio. Ogutu akarudi kinyumenyume mpaka akawapoteza machoni. Hakuwa na njia nyingine ila kurudi kwenye pikapu, akamlaza ndani, kwenye kiti cha mbele.

Maji yaliyobaki alimpa yeye yote. Giza lilipoingia alikuwa ameifungua tena kabureta, na kulipokucha akaifungua mara nyingine, midomo imempasuka, akiilaani kwa Kijaluo na kwa Kiswahili. Mguu ulikuwa umejaa malengelenge meusi hadi gotini na umeanza kunuka.

"Tutafika?" Awiti aliuliza.

"Tutafika."

"Usinidanganye."

"Sijui, Mama. Ninaogopa."

Akaamua kuchoma tairi la akiba, labda wachungaji wangeuona moshi. Alihitaji petroli kidogo ya kuliwashia. Alipokizungusha kifuniko cha tanki, tanki likavuta hewa kwa mlio mrefu, kama mtu aliyezuka majini.

Ogutu akaganda. Mpira uliokwenda kwenye ule mkebe ndio uliolipa tanki hewa, naye aliuziba kwa boliti. Mjini kifuniko cha zamani chenye ufa kilikuwa kikipitisha hewa, lakini kwa ajili ya safari hii alinunua kipya, kikabana vizuri. Pampu ikavuta petroli kutoka tanki lisilopata hewa hadi ikashindwa. Kabureta haikuwa na kosa lolote. Jana, kabla ya nyoka, kufungua kifuniko tu kungewatoa hapa, na mama angekuwa nyumbani akimenya vitunguu.

Alikitupa kifuniko kichakani, akawasha. Ndovu walikuwa wameondoka. Pikapu ikapita bondeni ikirusha mchanga, petroli ikimwagika kila shimo, Awiti akigonga kichwa dirishani na kunung'unika jina la marehemu mumewe. Haikuzima tena. Walipoyaona malori ya Maungu, Awiti alikuwa amezirai.

Hospitalini Voi waliukata mguu juu ya goti.

Awiti alipoamka, Ogutu alikuwa ameketi kando ya kitanda. Mkewe Immaculate alikuwa amemuuliza, Ogutu akamkwepa kwa kwenda kuteka maji. Awiti naye akauliza, kwa sauti iliyokauka.

"Gari lilikuwa na nini?"

"Ni mimi, Mama. Niliziba pumzi ya tanki kwa mikono yangu. Gari lilikuwa zima."

Awiti alimtazama mpaka Ogutu akainamisha macho. Muuguzi akapita na toroli, akaenda zake.

"Nasikia baridi," mama akasema. "Nifunike mguu. Huo wa kulia."

Ogutu aliangalia shuka lilivyolala bapa upande ule. Akainuka, akalivuta blanketi hadi mwisho wa kitanda, akalichomeka taratibu chini ya godoro, pande zote.

"Hivyo, Mama?"

"Hivyo," Awiti akasema, akafumba macho. "Sasa mguu umepata joto."