Mwaka wa Harusi Moja

Ndizi zote za soko la Coron, mji wa visiwani Ufilipino, zilikuwa zimekwisha, na aliyezimaliza alikuwa bado amesimama palepale, anazipakia kwenye gunia huku akipiga mluzi. Delfina alimkazia macho. Alikuwa ametoka kazini kwenye duka la dawa, koti jeupe bado mwilini, na nyumbani mama yake alikwisha kuweka mafuta jikoni akingoja ndizi za kukaanga. Wauza samaki walikuwa wanapayuka, na maji ya barafu yalitiririka kutoka mezani kwao mpaka kwenye viatu vyake vya wazi.

"Kaka, una harusi au unafuga nyani?"

Yule kijana akageuka. Alivaa shati la kijani lililopauka mabegani na kofia ya ukindu, na meno yake, lo, yalikuwa ya mtu ambaye hajawahi kununa maishani.

"Harusi bado," akajibu. "Lakini kuna watu kwangu hawali wali."

Akamweleza kwamba yeye ni mtunzaji kwenye hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Calauit, na ndizi zile ni za wale wanyama weusi wenye mikia mirefu ambao wananuka kama bisi. Delfina akasema mama yake hana mkia lakini na yeye ana njaa. Kijana akacheka, akatoa chana moja nono guniani, akakataa malipo, akaomba namba ya simu. Jina lake Crisanto.

Basi mapenzi yakaanza hivyo, na yalianza kwa mbio. Kule kisiwani simu haishiki mpaka upande kilimani, kwa hiyo kila jioni Crisanto alipanda kilima, jasho linamtoka, apige. Delfina alikuwa akipokea akiwa amejilaza, miguu ukutani.

"Wifi zangu hawajambo?" ndivyo alivyoanza siku zote. Wifi zake walikuwa twiga. Babu zao waliletwa kwa meli kutoka Kenya, wakazaliana pale kisiwani mpaka wakawa wenyeji kuliko wenyeji.

"Mmoja amenuna. Anasema wewe unanipenda kwa mdomo tu."

"Mwambie mdomo wangu mfupi, wake ndio mrefu. Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, lakini sijashiba. Nakungoja wewe."

"Hebu toka hapa!"

Mwezi wa pili Crisanto akatamka lenyewe. Baada ya Pasaka, alisema, atakuja na wazazi wake nyumbani kwa kina Delfina, na vyakula vyao mkononi, kuposa kwa heshima. Delfina akamwambia mama yake, mama akawaambia majirani, na majirani hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mapazia mapya yakashonwa.

Pasaka ikaja, ikapita. Crisanto akapiga simu, akasema ingekuwa vizuri wangoje hadi mwakani.

"Kwa nini?" Delfina akauliza.

"Niamini tu, Fina."

"Nikuamini nini wakati hujaniambia kitu?"

Upepo wa kilimani tu ndio uliosikika. Delfina akakata simu, akasusa.

Na kususa kwa watu wa huko si jambo la ovyo, kuna adabu zake. Mmoja akisusa, hagombi wala hatukani. Ananyamaza tu, hapokei simu, anageuza uso. Mwenzake anajua zamu yake ni kubembeleza: aje na maua, aje na keki ya mchele, asimame nje ya uzio mpaka mbwa wamzoee. Asiyebembeleza ametangaza kwamba hana haja. Sasa Delfina akanyamaza akingoja, na Crisanto hakuja. Alituma ujumbe tu, "Nakupenda, nivumilie," na siku zikayoyoma. Jamani, mwanamke mwenye miaka thelathini, mapazia mapya dirishani, na habembelezwi! Iliuma. Usiku alilia akiwa ameuma kona ya mto ili Ningning, mdogo wake aliyelala naye chumba kimoja, asisikie.

Ndipo watu wa Cebu, jiji la kisiwa cha mbali, walipomwandikia. Duka kubwa la dawa, mshahara mzuri, mkataba wa miaka mitatu. Jibu lilitakiwa Jumatatu, na Delfina alikwisha kuamua kujibu ndiyo. Kwenda Cebu miaka mitatu ndiyo kumwacha Crisanto; alilijua hilo vizuri na ndiyo maana jibu lilikuwa halijaandikwa mpaka Jumamosi.

Na Jumamosi hiyo, kwa bahati ya namna yake, ilikuwa siku ya matembezi ya wafanyakazi wa duka. Mama Pacing, mwenye duka, mwanamke mnene mwenye moyo mweupe na pua ya kunusa mambo ya watu, ndiye aliyechagua wapi. Calauit kwanza, halafu ufuko wa ng'ambo. Kila mtu aliruhusiwa kuja na ndugu mmoja. Delfina akaja na Ningning, akavaa gauni la manjano ambalo Crisanto alilipenda, na akajiambia mara kadhaa kwamba amelivaa kwa sababu ya joto.

Baharini mawimbi yalikuwa mafupi na yenye hasira. Ningning, ambaye tangu utoto hapandi boti bila kumeza kidonge cha kichefuchefu, siku hiyo alikikataa. Akatapika njia nzima ameshika mti wa mianzi wa ubavuni mwa boti. Delfina alimpangusa uso bila kufikiri. Alikuwa anatazama kisiwa kinavyokaribia.

Crisanto ndiye aliyewapokea, na alikuwa amekonda. Aliwaongoza vizuri, akawapa matawi ya majani wawalishe twiga, akawachekesha. Punda milia walikuwa wanajikuna kwenye miti. Twiga mmoja mkubwa alishusha shingo yake yote mpaka kwenye kofia ya Delfina, akamtazama kwa kope zake ndefu, akampokonya tawi.

"Huyo anakujua," Crisanto akasema kwa sauti ya chini. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake.

"Mwambie ameachika. Jumatatu nawajibu watu wa Cebu. Miaka mitatu."

Crisanto akafungua mdomo, kisha macho yake yakamwendea Ningning aliyekuwa amekaa kivulini, yakakaa pale kidogo, yakarudi chini. Akafunga mdomo.

Delfina aliyaona macho yale.

Mama Pacing hakukubali Crisanto abaki. Zamu yake iliisha adhuhuri, kwa hiyo alimburuta naye ufukoni akasaidie kuchoma samaki, eti wanaume wa duka la dawa hawajui moto. Ufuko ulikuwa mweupe mpaka unaumiza macho. Watu wakaoga, wakaimba na spika yao ndogo, wakala wali kwa mikono juu ya majani ya mgomba. Delfina hakula. Alipoinua kichwa, Ningning hakuwapo, na kwenye moto hakuwepo mtu.

Aliwakuta nyuma ya vichaka vya mikadi, pale mchanga unapoishia. Ningning alikuwa analia amejifunika uso, na Crisanto amesimama mbele yake, mikono imening'inia.

"Anakwenda, Ning. Miaka mitatu," Crisanto alikuwa anasema. "Lakini siwezi kumwambia mimi. Niliahidi."

"Kuniambia nini?" Delfina akauliza. Sauti yake ilimshangaza mwenyewe, ilikuwa tulivu kabisa. "Endeleeni. Nilikuja kuwaambia samaki wanaungua."

"Dada..."

"Usiniite dada. Tangu lini? Tangu Pasaka?"

Crisanto akaelewa anachodhaniwa, akashtuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Lakini hata hapo hakujitetea. Alimtazama Ningning tu, akamwashiria kwa kichwa kwamba aseme, kisha akaondoka akawaacha wawili. Ndugu zangu, kuna watu wanalaumiwa kwa sababu ni wabaya, na kuna wanaolaumiwa kwa sababu wamebana ulimi.

Ningning akafuta kamasi kwa upindo wa fulana yake.

"Nina mimba, Dada. Ya Rodel."

Rodel alikuwa fundi wa injini za boti, kijana mpole aliyekuja nyumbani kila mara kutengeneza pampu isiyoharibika. Delfina akakaa mchangani. Kidonge kile kilichokataliwa kikamjia akilini, na yeye muuza dawa mzima hakushtuka.

"Tunataka kuoana mwezi wa sita, kabla tumbo halijaonekana," Ningning akaendelea. "Na wewe ulikuwa uposwe baada ya Pasaka, uolewe Desemba. Mwaka mmoja, Dada. Mama angekufa."

Hapo hapakuhitaji maelezo. Watoto wa tumbo moja hawafungi ndoa mwaka mmoja. Wa pili anaila bahati ya wa kwanza, au wa kwanza anamwachia wa pili mikosi. Delfina alikuwa amesomea dawa chuo kikuu, na hakuwa na ubavu wa kulicheka jambo hilo. Shangazi yao alilicheka, akafiwa na mume kabla keki haijaisha.

"Kwa hiyo ukaenda kwa Crisanto."

"Nikamwomba aniachie mwaka huu. Nikamwapisha asikwambie mpaka nipate moyo wa kumwambia Mama. Nikawa kila siku nasema kesho."

"Ungeniambia mimi. Mimi ni dada yako, Ning. Ningekupa mwaka, ningekupa miwili."

"Ndiyo maana!" Ningning akapasuka. "Ungenipa hata kabla sijamaliza kusema. Ulinipa karo yako ukakaa nyumbani mwaka mzima. Ulinipa kitanda cha dirishani. Kila kizuri ulichopata nimekula mimi. Nikasema hiki kimoja nisikuombe wewe. Nikaona nikimwomba yeye, wewe hutakuwa umenipa, utakuwa hujui. Sikujua utaumia namna ile. Nakusikia usiku, Dada. Unadhani mto unaziba?"

Delfina alimvuta mdogo wake akamkumbatia, gauni la manjano likajaa mchanga na machozi, wakakaa vile mpaka Mama Pacing akapita akijifanya anatafuta chumvi.

Halafu akaenda kumtafuta Crisanto. Alimkuta majini, maji magotini, anasugua wavu wa kuchomea ambao ulikwisha kutakata zamani.

"Ungenipoteza," Delfina akasema.

"Najua."

"Ungesimama pale uniangalie naondoka kwenda Cebu."

"Ningekufuata Cebu baada ya harusi yao. Nilikwisha kuuliza kama wana hifadhi." Akajaribu kucheka. "Fina, nisingeweza kuja kukubembeleza nikiwa mikono mitupu. Ungeniuliza kwa nini, nami mbele yako sijui kudanganya. Ningeropoka yote palepale kwenye uzio."

"Na mbwa wangekusikia."

"Na mama yako."

Delfina akaingia majini na gauni lake hilohilo. Alikuwa na hasira bado, hasira ya mtu aliyeamuliwa mambo yake na watu wawili anaowapenda, na akamwambia hivyo bila kupunguza. Akamwambia siku nyingine akiapishwa kwa jambo linalomhusu yeye, akatae. Crisanto akaitikia kila neno kama anayeungama.

"Basi tutangoja mwakani," akasema mwisho. "Kama bado unanitaka."

"Kinachokatazwa ni nini?" Delfina akauliza.

"Kuoana mwaka mmoja."

"Kuposa je?"

Crisanto akasimama na wavu mkononi. Mtu mzima, akili zake timamu, wiki zote zile alipanda kilima na kushuka, na wala hakuwahi kuwaza hilo. Yule mdogo naye hakuwaza. Walichanganya posa na harusi kwa sababu ya woga, kama wengi wanavyofanya.

"Kuposa hakujakatazwa," akasema polepole.

"Basi Jumapili ijayo mlete mama yako, mpumbavu wangu. Ningning ataolewa mwezi wa sita, mimi Januari. Na leo jioni mimi na yeye tunaongea na Mama."

Akambusu mbele ya duka zima la dawa, na shangwe iliyopigwa iliwatimua ndege kwenye mikadi.

Jioni boti ikamshusha Crisanto kisiwani kwake, ikaendelea. Ningning alikuwa amelala, kichwa mapajani mwa dada yake. Walipokaribia nchi kavu simu zikaanza kushika, na ya Delfina ikalia palepale. Namba asiyoijua. Alidhani ni Cebu, akapokea akiwa na maneno ya kukataa tayari.

"Mwanangu, ni mama yake Crisanto. Kijana kapanda kilima anakimbia, kanipigia hata kupumua hawezi. Eti Jumapili?"

"Ndiyo, kama mnaweza."

"Tunaweza, tumejiandaa tangu mwezi wa pili. Ila sikia, kuna shida. Yule nguruwe wa posa tulimnunua mdogo, tukamnenepesha, tukangoja, tukangoja. Sasa wajukuu wamempa jina na analala mlangoni kwao. Wamesema hachinjwi." Sauti upande wa pili ikaingiwa na wasiwasi wa kweli. "Mama yako atatuonaje tukija na samaki?"

Delfina alicheka huku machozi yanamtoka, Ningning akaamka akauliza kuna nini.

"Samaki wanatosha, Mama," akasema, na alipojisikia amemwita hivyo kwa mara ya kwanza, akarudia.